Subbuteo: mpira wa mezani unaopigwa kwa kucha, na kwa nini una mabingwa wa dunia

Kipa Mstaafu (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna mtu kaweka picha ya wazee wawili wenye upara wameinamia meza ya kitambaa cha kijani, kila mmoja kanyoosha kidole kama anataka kumfukuza inzi. Chini yake vicheko vimejaa: "hawa wamekosa kazi", "wazungu bwana". Nilitaka kujibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko picha. Nimefungua uzi.

Ule mchezo ni Subbuteo. Una vilabu, ligi, viwango vya dunia na Kombe la Dunia la nchi kwa nchi, na wale wazee mnaowacheka huenda wamepanda ndege kwenda kucheza hiyo mechi. Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aulize, mwenye kejeli pia karibu.

---

Msela wa Tandika

Siti ya mbele. Shusha vitu mkuu.

---

Kipa Mstaafu

Tuanze na asili, maana hapa ndipo watu wengi wanapoanzia katikati.

Wengi watakwambia Subbuteo ilibuniwa na Peter Adolph, Mwingereza wa maeneo ya Tunbridge Wells, Kent, aliyerudi uraiani baada ya Vita vya Pili. Ni kweli kwamba Subbuteo ni yake. Ila mpira wa kupiga wachezaji wa mezani kwa kidole ulikuwepo tayari. Mtu wa Liverpool aitwaye William Keeling aliutoa mwaka 1929 kwa jina la Newfooty, na ulikuwa ukiuzwa madukani miaka mingi kabla Adolph hajafikiria kitu.

Adolph alikuwa mtu wa ndege. Alikuwa anakusanya mayai ya ndege na kuyafanyia biashara, na ndege aliuingiza hata kwenye jina. Alitaka kuusajili mchezo wake kwa jina la Kiingereza la kipanga mmoja mdogo, "Hobby". Ofisi ya alama za biashara ikamkatalia, akachukua nusu ya jina lake la kisayansi, *Falco subbuteo*, ikapita. Kwa faida ya wapenda ndege: huyo kipanga huzaliana Ulaya na Asia, na baridi ikianza huja Afrika. Hata huku kwetu hupita akiwa safarini.

Sasa sikilizeni biashara ilivyoanza. Agosti 1946 Adolph aliweka tangazo kwenye gazeti la vijana, *The Boy's Own Paper*, kuwaalika wasomaji waandike kuomba maelezo ya mchezo mpya. Mchezo wenyewe haukuwepo. Seti za kwanza zilitoka Machi 1947. Hapo katikati jamaa alikuwa anahangaika kutengeneza kitu alichokwisha kukitangaza.

Na alichotengeneza kilikuwa cha kubumba kwelikweli. Wachezaji ni vipande vya kadibodi bapa. Kitako cha kila mchezaji ni kifungo cha nguo, kimewekewa washa (kiduara chenye tundu) ya madini ya risasi ili kiwe kizito chini. Inasimuliwa kwamba kifungo cha mfano kilitoka kwenye koti la mama yake, na vya seti za mwanzo alivinunua kwenye maduka ya Woolworths. Magoli yalikuwa ya waya, nyavu za karatasi. Uwanja hukupewa kabisa. Unapewa chaki, unaelekezwa utafute blanketi kuukuu la jeshi uchore mistari mwenyewe. Uingereza ya 1947 bidhaa zilikuwa za mgawo, lakini karibu kila nyumba ilikuwa na blanketi la jeshi.

---

Msela wa Tandika

Kwa hiyo jamaa kakwapua wazo la mwenzake wa Liverpool, kabadili jina, katajirika. Mambo ya Kariakoo haya.

---

Kipa Mstaafu

Mkuu, sitakupinga sana. Newfooty ilifunga biashara 1961, na mwaka huohuo Subbuteo ikaleta wachezaji wa plastiki wenye umbo kamili, mikono, miguu na nywele, badala ya kadibodi bapa. Keeling alikuwa na mchezo. Adolph alikuwa na mchezo na pia alijua kuuza.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa katalogi. Kila rangi ya jezi ina namba. Namba 1 ni shati jekundu na bukta nyeupe, namba 2 ni shati la bluu na bukta nyeupe, na kuendelea. Timu namba 1 unaweza kuiita klabu yoyote inayovaa hivyo. Kwa hiyo kiwanda kinapaka rangi timu moja kinauzia mashabiki wa klabu tano. Baadaye orodha ilipita timu mia tatu, na mtoto aliyeanza na mbili alikuwa anajua kabisa anakosa zipi.

Waliopaka rangi walikuwa hasa wanawake wa vijiji na miji ya huko Kent, majumbani mwao, wakilipwa kwa idadi. Unapelekewa mzigo wa wachezaji wasio na rangi, unakaa nao jikoni na brashi nyembamba. Ndiyo maana ukitazama kwa karibu timu za zamani, mchezaji mmoja kaptula imepanda kiunoni, mwingine macho hayalingani, mwingine soksi moja imeishia katikati. Wakusanyaji leo wanalipia pesa ndefu kasoro hizohizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Adolph aliiuza kampuni kwa Waddingtons wa Leeds, haohao waliokuwa wakitengeneza ule mchezo wa mezani wa Monopoly kwa soko la Uingereza. Kipindi chao ndipo vikorombwezo vilipofurika: taa za uwanjani, majukwaa, polisi, watu wa huduma ya kwanza, mnara wa kamera za televisheni. Kulikuwa hata na kisanamu cha Malkia cha kukabidhi kombe. Miaka ya 1990 Waddingtons wakaingia mikononi mwa Hasbro wa Marekani, na jina likaanza kuyumba: linatoka sokoni, linarudi, linakodishwa kwa mwingine.

Hapo ndipo ningetegemea mchezo ufe. Haukufa, na sababu yake naileta nikishaeleza unavyochezwa, kwa sababu viwili hivi vimeshikana.

---

Jirani wa Likoni

Habari zenu kutoka Mombasa. Mimi nauliza tu: hii si ndiyo ile yetu ya ubao na misumari? Unapigilia misumari kama wachezaji, shilingi ndiyo mpira, mnapokezana kufyatua. Shule ya msingi tulicheza hiyo mpaka mwalimu akawa ananyang'anya shilingi. Huyu Adolph angekuja kwetu angejifunza.

---

Kipa Mstaafu

Jirani, ule wa misumari naujua na niliupenda. Lakini tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye misumari unafyatua mpira, na wachezaji wamekufa, hawaendi popote. Kwenye Subbuteo mpira huugusi kamwe. Unafyatua *mchezaji*, naye ndiye anaenda kuugonga mpira. Kitako chake kina tumbo la mviringo na uzito uko chini, kwa hiyo anateleza, anayumba, anasimama tena. Ukimpiga pembeni kidogo anakwenda kwa mkunjo, anamzunguka beki, anaukuta mpira upande wa pili. Mara ya kwanza nilipoona hilo likifanywa makusudi nilidhani meza imeinama.

Kila upande una wachezaji 10 wa kufyatuliwa na kipa mmoja. Kipa ameshikwa na fimbo inayopita nyuma ya goli. Mwenye timu anaishika kwa mkono na kumrusha. Mpira una kipenyo cha kama sentimita 2, yaani unamfika mchezaji karibu kiunoni. Kichekesho kwa macho, lakini ungekuwa mdogo zaidi kidole kisingeweza kuutawala. Mashindanoni mechi ni vipindi viwili vya dakika 15, na saa haisimami ukiwa unafikiri.

Sasa sheria zinazoufanya uwe mpira wa miguu:

Unaendelea kumiliki mpira madhali mchezaji wako kaugusa na haukuishia kumgonga mchezaji wa mwenzako. Ukikosa kuugusa, umepoteza. Ukimgonga mpinzani kabla ya mpira, faulo. Mchezaji mmoja haruhusiwi kuugusa zaidi ya mara tatu mfululizo, lazima mwingine apokee. Na huwezi kupiga golini mpaka mpira uvuke mstari wa kupigia, ambao uko katikati ya mstari wa kati na mstari wa goli. Kona zipo, mipira ya kurusha ipo, kuotea kupo.

Kisha kuna hii ninayoiona ndiyo moyo wa mchezo. Kila unapofyatua wewe mwenye mpira, mwenzako asiye na mpira anayo haki ya kufyatua mchezaji wake mmoja kwenda kuziba njia. Akigusa mpira au mchezaji wako, amevuruga, na unaweza kudai hali irudishwe ilivyokuwa. Kwa hiyo hakuna kukaa kusubiri zamu. Wewe unafikiria pasi ya tatu, yeye tayari kapeleka beki mahali ambapo hiyo pasi ya tatu ingepita. Kiungo anafungwa, winga anafungwa, unalazimika kugeuza upande. Ukiondoa sheria hii moja unabaki na gololi zenye jezi.

---

Mtoto wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie wa Unguja, na hapa mnagusa fani yetu. Keram si ndiyo mambo haya? Kidole, poda, ubao laini, pembe za kuhesabu. Nina jamaa zangu wakikaa barazani kupiga keram baada ya alasiri, ukiwaita chakula hawakusikii. Wape hizo sanamu zenu wiki moja tu, hao wazungu wa kwenye picha watalia.

---

Kipa Mstaafu

Waalaykum salaam. Sheikh, jicho la pembe mtakuwa nalo, sina shaka. Kitakachowasumbua ni kidole chenyewe. Kwenye keram wengi huzuia kidole kwa kidole gumba kisha hukiachia, nguvu inatoka kwenye huo mkazo. Subbuteo inakataza. Kidole kinatembea chenyewe, kucha inagusa kitako, gumba halihusiki. Huruhusiwi pia kumsukuma mchezaji kwa kumsindikiza. Ni mguso mmoja mfupi. Jaribu sasa hivi na kisoda mezani bila gumba uone nguvu zinavyopotea. Nguvu za kupiga kutoka mbali zipo, lakini zinatoka kwenye kasi ya kidole, na mtu anazitafuta kwa miaka.

Poda nayo hakuna. Badala yake wanang'arisha vitako kwa dawa ya kung'arishia samani, wanasugua kwa kitambaa mpaka kiteleze kwenye nguo ya uwanja. Kabla ya mechi utamkuta mtu mzima kajipanga na wachezaji wake 10 wamelala chali kwenye kikasha, anawapangusa mmojammoja.

---

Mbeba Boksi

Nipo Italia mwaka wa kumi na kitu sasa. Naweka shahidi wangu hapa.

Kuna mzee tunafanya naye kazi ghalani, kimya sana, siku moja akaniambia Jumapili njoo unione nacheza. Nikajua bocce au karata. Nikaingia kwenye ukumbi wa michezo wa shule, nakuta meza zimepangwa safu kwa safu, na kila meza watu wawili wanaizunguka bila kukaa. Hawakai! Dakika 30 wanatembea, wanainama, wanarudi. Mzee wangu ana goti bovu na kazini analalamika ngazi tatu. Pale alikuwa anazunguka kama kijana. Sauti ya ule ukumbi ni tik, tik, tik, halafu ghafla mtu anapiga ukelele kama kafunga San Siro.

Refa wa meza yake alikuwa mvulana wa miaka kama 13. Wanaamuliana wenyewe: usipocheza raundi hii unaamua mechi ya wengine. Mzee alibisha faulo moja, yule mtoto akamwangalia tu akaonyesha kidole pale pale. Mzee akanyamaza. Kazini hata bosi hamnyamazishi.

Huku unaitwa calcio da tavolo na una shirikisho lake la taifa. Utani hauingii kabisa.

---

Kipa Mstaafu

Asante sana mkuu, umenirahisishia. Italia ndio wababe, na kuna sababu ya kihistoria: seti ziliingia kupitia msambazaji wa Genoa, Edilio Parodi, miaka ya 1970 zikasambaa kila mahali. Baadaye Uingereza ilipopoa, Italia ndiyo iliyobeba moto. Ubelgiji, Hispania, Ugiriki, Malta na Gibraltar nao wapo vizuri. Gibraltar! Kamji kale ka mwambani kaliandaa Kombe la Dunia 2018.

Nirudi kwenye ahadi yangu: kwa nini haukufa.

Mashindano ya kimataifa yalianza chini ya kampuni. 1970 lilifanyika Kombe la Dunia la Subbuteo London, akashinda Peter Czarkowski wa Ujerumani Magharibi. Yaani miaka minne baada ya England kuwafunga Ujerumani Magharibi fainali ya Kombe la Dunia pale Wembley, Mjerumani akachukua kombe la mchezo wa Mwingereza ndani ya London. Kwa mtindo huo mashindano yaliendelea miaka ya 70 na 80, kampuni ikilipa kwa sababu ni tangazo. Ubaya wake unaonekana mwenyewe: siku kampuni ikiona tangazo halilipi, hamna shindano.

1992 wachezaji wakaunda shirikisho lao, FISTF, na kwenye jina lake hawakuweka neno Subbuteo. Waliuita mchezo mpira wa mezani, basi. Jina ni mali ya kampuni. Kidole, kucha na sheria havina mwenyewe. Kuanzia hapo Hasbro aweke bidhaa sokoni au aitoe, mashindano yanaendelea. Mafundi wengine wakajitokeza kutengeneza vitako, mipira na magoli ya kiwango cha mashindano. Kuna makundi ya wazi, ya wanawake, ya vijana kwa umri, ya maveterani. Kuna timu: wachezaji wanne kwa wanne, meza nne kwa wakati mmoja, na matokeo ya timu ni meza ngapi mmeshinda. Mechi ya mtoano ikihitaji muda wa nyongeza, bao la kwanza linamaliza kazi. Septemba 2024 Kombe la Dunia lilifanyika Tunbridge Wells, kwa Adolph mwenyewe.

---

Msela wa Tandika

Sasa hapo mkuu ndipo nina wasiwasi. Mafundi wa vitako wakishaingia, mchezo unakuwa wa vifaa. Mwenye hela ananunua kitako kinachoteleza zaidi. Kama baiskeli za mashindano.

---

Kipa Mstaafu

Umegusa kidonda. Vitako vya kisasa ni bapa, vyepesi kuelekezwa, vinateleza mita nzima bila shida. Wakongwe wanasema vimeua ule mwendo wa kuyumbayumba wa kitako cha zamani, na kwamba mechi za sasa ni za kujilinda: unatandaza ukuta, unasubiri kosa. Italia kuna kundi kubwa limejitenga kabisa linacheza na vifaa vya zamani tu, lina mashindano yake. Hayo makundi yakikutana mtandaoni ni Simba na Yanga.

Msimamo wangu: vifaa vya kisasa ni bora kwa kushindana, vya zamani ni bora kwa kutazama. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua vya kisasa, kwa sababu kitako cha zamani kilikuwa na bahati nyingi mno ndani yake. Ila timu iliyopakwa kwa mkono naiweka kabatini na siiuzi.

---

Jirani wa Likoni

Haya, mtupe jibu sisi wa bei nafuu. Seti kuagiza kutoka nje na ushuru, hiyo ni karo ya mtoto.

---

Kipa Mstaafu

Hapa ndipo naitaja Brazil, maana wao hawakungoja seti ya mtu. Kule watoto walicheza na vifungo vya makoti, vioo vya saa, hata vifuu vya nazi vilivyosuguliwa mpaka vikawa duara. Kipa alikuwa kiberiti kilichojazwa madini ya risasi. Geraldo Décourt alichapisha kitabu cha sheria mwaka 1930, yaani miaka 17 kabla ya seti ya kwanza ya Adolph. Mwaka 1988 serikali yao iliutambua rasmi kama mchezo. Wana sheria kadhaa zinazokwenda sambamba: Bahia wanagusa mara moja tu, Rio mara tatu, São Paulo mara 12, na kila mkoa unaona wengine wamepotea. Hawafyatui kwa kucha. Wanakandamiza ukingo wa kifungo kwa kipande chembamba, kifungo kinaruka. Hungaria nao wana mpira wa vifungo wao, watoto walikuwa wakikwapua vifungo vya makoti nyumbani.

Kwa hiyo Jirani, vifaa unavyo. Visoda 20 vya soda, kumi rangi moja kumi nyingine, kama vile vya drafti. Vigeuze uso chini, ule upande wa meno uwe juu, ndani jaza nta ya mshumaa ipate uzito. Uwanja ni kitambaa cha suti au blanketi jembamba lililobanwa kwenye ubao lisikunjamane. Mezani kwenyewe kisoda kinakwenda bila breki. Mpira ni ushanga mkubwa wa mviringo. Halafu sheria tatu zisiachwe: kucha bila gumba, mara tatu kwa mchezaji, na asiye na mpira afyatue mmoja kila unapofyatua. Hiyo ya mwisho mkiiacha mtarudi kwenye misumari.

---

Mtoto wa Ng'ambo

Nshajaza nta vinne. Kimoja kinazunguka kama pia, hakiendi mbele.

---

Kipa Mstaafu

Nta imekaa upande mmoja. Kiyeyushe tena, kiache kipoe juu ya meza iliyonyooka, usikishike mkononi.

---

Msela wa Tandika

Kipa je? Kiberiti kama Wabrazil?

---

Kipa Mstaafu

Kiberiti, jaza mchanga, funga kwa gundi. Kisimame kwa ubavu mrefu, kisilale bapa, na kabla ya kupiga mwambie mwenzako akiweke anapotaka. Ukipiga hajakiweka, bao halihesabiki. Hilo ndilo litakalowagombanisha kuliko kuotea, mkubaliane kabla hamjaanza.